Kamera ndogo ya mtumba: dosari ya kuvumilia na dosari ya kukimbia

Watu wanaoniletea kamera ndogo ya dijitali kabla hawajailipia huuliza swali moja: "Fundi, ni nzima?" Mimi huanzia kwingine. Kamera iliyotumika miaka kumi ni nadra kukosa dosari kwenye picha. Ninachotafuta ni kama dosari hiyo imesimama ilipo au inaendelea kukua, na kama ni ya kamera hiyo peke yake au ni ya toleo zima. Hapo ndipo bei inapoamuliwa, na hapo ndipo wakati mwingine namwambia mtu airudishe.

Chukua Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012. Lenzi yake hufunguka hadi f/1.8 zumu ikiwa haijavutwa (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ndogo, tundu pana). Piga ukuta wa matofali kwa f/1.8 utaona pembe za picha zimelainika kuliko katikati. Hiyo ni tabia ya lenzi yenyewe, na ukifunga tundu hadi f/4 au f/5.6 pembe zinakaza. Usiombe upunguziwe bei kwa hilo. Lakini pembe tatu zikiwa kali na moja ikabaki na ukungu hata kwenye f/5.6, vioo vya ndani vimehama, mara nyingi kwa sababu kamera ilianguka. Ili kuhakikisha, igeuze kamera juu chini upige ukuta uleule. Ukungu ukihamia sehemu nyingine ya ukuta, kosa ni la lenzi. Ukibaki palepale, basi hukuielekeza kamera sawasawa. Lenzi ya namna hii kwa kawaida haizidi kuharibika, ila kuirekebisha hugharimu kuliko kamera ilivyo na thamani. Mtu anayepiga sura za watu, akiwaweka katikati, anaweza kuishi nayo kwa bei ya chini. Anayepiga majengo aiache.

Chenga za usiku, yaani vijidoa vinavyotapakaa kwenye picha ya gizani, hazinisumbui sana. Kihisi cha RX100, kile kipande kinachopokea mwanga, ni milimita 13.2 kwa 8.8, na eneo lake ni takriban mara nne ya kile kilichomo kwenye kamera nyingi za bei nafuu. Kihisi kidogo kikipandishwa ISO, yaani kiwango cha kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600 kinatoa chenga, na hakuna nakala "nzima zaidi" ya toleo hilohilo itakayokuondolea. Ukizichukia chenga, badilisha toleo.

Vumbi ni jambo jingine. Lenzi inayotoka na kurudi ndani huvuta hewa kila unapowasha na kuzima, na hewa huja na vumbi. Ricoh GR ya mwaka 2013 inatoa picha ninazozipenda mno, lakini inajulikana kwa udhaifu huo. Piga anga jeupe kwa f/11 au f/16, au kwa namba kubwa kuliko zote ambayo kamera yako inayo, kisha kuza picha utafute madoa ya kijivu yasiyo na kingo kali. Doa moja pembeni linafutika kwenye kompyuta. Madoa mengi yana maana kwamba kamera lazima ifunguliwe, kwa hiyo gharama ya fundi itoke kwenye bei ya muuzaji.

Pikseli zilizokufa au zinazowaka rangi muda wote ni tatizo dogo kuliko watu wanavyodhani. Baadhi ya kamera, kama za Olympus, zina kipengele kwenye menyu cha kuzitafuta na kuzifunika.

Sasa nije kwenye kinachonikimbiza: fangasi. Sisi wa pwani tunaishi kwenye unyevu ambao fangasi huupenda. Washa kamera lenzi itoke, mulika tochi kwa ubavu, uangalie ndani. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui, rudisha. Mwanzoni picha inaonekana safi, kisha taa zinaanza kuzungukwa na weupe, rangi nyeusi inakuwa kijivu. Asidi ya fangasi hula utando uliopakwa kwenye kioo, na hata ukiua fangasi alama inabaki. Sinunui, hata kwa bei ya kutupa.

Unyevu na joto vilifichua kosa jingine ambalo bado linazunguka sokoni. Oktoba 2005 Sony na kampuni nyingine zilizotumia vihisi vyake vya CCD (aina ya kihisi ya kamera za zamani), zikiwemo Canon, Nikon, Fujifilm na Olympus, zilitangaza kwamba nyaya za ndani ya baadhi ya vihisi huweza kuachia zikikaa kwenye joto na unyevu. Picha hujaa mistari na rangi ya zambarau, au huwa nyeusi kabisa. Canon PowerShot A60, A70 na A75 zimo kwenye orodha hiyo. Vijana wanazitafuta tena kwa rangi zake, nami nawaelewa, lakini usilipie mojawapo kabla hujaiona ikipiga picha ikiwa imeshapata joto. Usichanganye kosa hilo na mstari wima unaoonekana kwenye skrini ya kamera ya CCD ukiielekeza kwenye taa kali. Huo ni wa kawaida, na kwa kawaida haumo kwenye picha yenyewe.

Kuna pia dosari ya toleo ambayo kampuni yenyewe ilirekebisha. Fujifilm X10 ya mwaka 2011 iligeuza vimulimuli vya mwanga kuwa visahani vyeupe vyenye kingo kali. Mwaka 2012 Fujifilm ilianza kubadilisha kihisi. Ukiipata, piga mng'ao wa jua kwenye bampa la gari. Visahani vikitokea, hiyo ni ya kihisi cha zamani, na bei ishuke.

Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu. "Kaka, niruhusu nipige picha kadhaa nikazitazame kwenye kompyuta." Skrini ya kamera ya zamani ni ndogo mno kuonyesha pembe yenye ukungu. Akikuzuia kutoka na picha hizo, mpe kamera yake uende duka la pili.