Kuziba uso hakutoshi: ninavyoandaa video za mashahidi kabla hazijapandishwa mtandaoni

Klipu zinazonifikia ni za mtu anasimulia alivyopigwa, au alivyofukuzwa shambani kwake, au alivyoona kijana wa jirani anachukuliwa usiku na gari lisilo na namba, na ujumbe unaokuja nazo karibu kila mara ni huo huo, "tuzibie uso hapo tuipandishe leo". Kazi yangu ni kuediti video za aina hii kwa ajili ya watu wa haki za binadamu, na swali ninalouliza kwanza halihusu uso kabisa. Nauliza, ni nani hasa hatakiwi kujua kwamba huyu ameongea? Maana kama anayeogopwa ni askari wa kituo cha mtaani kwao, au mzee wa kijiji aliyeliuza lile shamba, au shemeji mtu, basi huyo hahitaji kompyuta wala sura. Sauti tu inamtosha.

Chukua fremu moja. Mama amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, uso umezibwa vizuri kabisa. Sasa angalia vilivyobaki. Kanga aliyojifunga maandishi yake yanasomeka, na mtaa mzima unajua kanga ile ni ya nani na aliivaa kwenye harusi ipi. Kwenye kamba nyuma yake limeanikwa sweta la shule, rangi ya sweta na ile michirizi ya shingoni inataja shule bila kuuliza. Ukutani kwa jirani kuna bango la wakala wa kutuma pesa na namba yake ya uwakala. Mkononi ana kovu la kuungua. Halafu katikati ya maelezo anasema "tangu mume wangu afe kwenye ile ajali ya basi nimebaki na hawa mapacha", na hapo ndo ameshajitaja, jina lilikuwa halihitajiki tena. Uso uliozibwa hapo unamfariji aliyeediti, basi.

Na hata mandhari peke yake inasema. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanajeshi wakiwaua kwa risasi wanawake wawili na watoto wawili, serikali ya Kamerun ikasema ni uongo, haikutokea kwao. BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, wakachukua mstari wa milima unaoonekana nyuma ya barabara, wakaulinganisha na milima ya kaskazini mwa Kamerun, wakatumia picha za setilaiti kutafuta nyumba na miti ile, na vivuli vya wale wanajeshi vikawasaidia kujua ilikuwa majira gani ya mwaka 2015. Wanajeshi wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2020. Kazi ile naiheshimu sana. Lakini jamani, mlima ule ule na kivuli kile kile vinaweza kusomwa na mtu anayemtafuta shahidi, na siku hizi vijana wanaojua kusaka lokesheni kwa picha wako wengi, wanafanya hata kwa kujifurahisha.

Hili la video kumgeukia aliyemo ndani yake halikuanza jana. Burma mwaka 2007, wakati wa yale maandamano ya watawa, picha zilizopigwa kwa siri na kutolewa nje ya nchi ili dunia ione ndizo hizo hizo ambazo utawala wa kijeshi ulizitumia kutambua walioandamana. Iran 2009 upande wa serikali ulipandisha mtandaoni picha za waandamanaji, sura zimezungushiwa duara jekundu, wananchi wakaombwa wawataje. Hapa kwetu, baada ya vurugu za Novemba 2020 Uganda, polisi walisema wazi wametumia kamera za barabarani kuwasaka watu. Na Kenya, zile klipu za Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, zilisaidia mno, BBC walipitia picha na video zaidi ya 5,000 ili kujua nani aliwafyatulia risasi waandamanaji, ila ndani ya picha hizo hizo kuna sura za vijana wengi mno ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kubaki mtandaoni maisha yao yote.

Sasa tuje kwenye ufundi maana ndo mnaniuliza sana.

Kwanza aina ya kuziba. Mwaka 2007 Interpol walimtafuta mtuhumiwa wa kudhalilisha watoto kingono aliyekuwa amezungusha sura yake kwenye picha ikawa kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, wataalamu wa polisi Ujerumani wakaizungusha kinyume, sura ikarudi, na Oktoba mwaka huo akakamatwa Thailand. Yule alistahili kukamatwa, lakini somo kwetu ni kwamba sura iliyovurugwa kwa hesabu inaweza kurudishwa kwa hesabu. Vile viboksi-boksi vya kuziba sura navyo, na ule ukungu (blur), mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin na Cornell Tech waliifundisha kompyuta kubahatisha ni nani kati ya watu inaowajua yuko nyuma yake, na ikafanikiwa mara nyingi, ikiwemo ukungu wa YouTube. Kwa hiyo kwangu mimi mtu aliye hatarini kweli anafunikwa kwa rangi moja nzito isiyo na kitu chini yake, sio ukungu mwepesi unaoacha umbo la pua na mstari wa nywele.

Pili, fremu moja inayoponyoka. Video ina fremu 25 au 30 kwa sekunde, na programu inayofuata uso yenyewe inapotea mtu akigeuka ghafla au akipitisha mkono usoni, ule mziba unachelewa kidogo, sura inaonekana kwa muda usiofika hata sekunde, wewe ukiangalia kwa mwendo wa kawaida huoni kitu, ila mwenye nia mbaya atasimamisha hapo hapo na kupiga skrinishoti. Napitia fremu kwa fremu. Inachosha, macho yanauma, hakuna njia ya mkato. Na ile picha ya mbele ya video angalia pia, wakati mwingine mtu anaichagua kutoka kwenye video ya awali ambayo haijazibwa!

YouTube wana kifaa cha kuziba sura tangu 2012 na kimesaidia wengi, ila kumbuka ili ukitumie lazima kwanza uipandishe ile video ikiwa wazi. Kama hofu yako ni akaunti kufunguliwa kwa nguvu, zibia kwenye kompyuta yako kabla haijaenda popote. Kwa picha za kawaida Signal, ile programu ya kutuma ujumbe, wana kifaa cha aina hiyo tangu Juni 2020, na chenyewe kinafanya kazi ndani ya simu yako.

Sauti ndo watu wengi wanaisahau. Kuishusha iwe nzito kama ya jitu, mtu anaweza kuipandisha tena ikarudi karibu na ilivyokuwa, halafu lafudhi haishuki, maneno anayopenda kutumia hayashuki, na kicheko chake kiko pale pale. Kinachofanya kazi ni kumpa mtu mwingine asome maneno yale, na zile taarifa zinazomtaja kama mapacha na ajali ya basi zinatolewa au zinafanywa za jumla. Najua wengi hawapendi, wanasema video inapoteza uchungu wake. Ni kweli inapungua. Bado nitachagua ipungue.

Bora kuliko yote ni kutokurekodi uso tangu mwanzo. Mkalishe dirisha liwe nyuma yake abaki kivuli, au rekodi mikono, au ukuta mtupu. Mvalishe nguo isiyo yake. Sura ambayo haikuingia kwenye simu hakuna wa kuirudisha.

Na ridhaa. Kumuuliza mtu "naweza kukurekodi?" haitoshi. Mwambie, fikiria yule unayemwogopa kuliko wote ameishika simu anaitazama hii, na pengine ni kesho, au mwaka wa tatu kutoka sasa, na mimi siwezi kuifuta maana watu wameshaidaunilodi. Ndo akubali au akatae. Ikishakamilika namwonyesha mwenyewe, kisha namwomba achague ndugu mmoja anayemwamini aitazame bila kuambiwa ni nani. Ndugu akisema tu "huyu si fulani?" tunarudi mezani.

Zile video wanazorekodi watesaji wenyewe, mtu amevuliwa nguo, analazimishwa kuomba msamaha, hizo naomba msizisambaze hata kwa nia njema. Aliyemo humo hakuulizwa na mtu yeyote, na kila ukiforwadi unaendeleza lile lile lililokusudiwa na waliomrekodi.

Mwisho niseme kuhusu video ya awali, maana kuna wanaoifuta wakidhani ndo usalama. Usifute. Kiambata (metadata) kinachobeba saa na lokesheni ndani ya faili, ambacho kwenye kopi ya mtandaoni nakiondoa chote (WhatsApp inakiondoa ukituma picha kama picha, lakini ukiituma kama dokumenti inakwenda nacho), ndicho mahakama inachokitaka. Mwaka 2018 mahakama ya kijeshi Bukavu, mashariki mwa Kongo, iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR, na sehemu ya ushahidi ilikuwa picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness, ambayo inahifadhi saa na mahali kwa makusudi ili hakimu aweze kuziamini. Kwa hiyo mziba unawekwa kwenye kopi, ya awali inakaa haijaguswa kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, mahali pengine kabisa, na haibaki kwenye simu unayotembea nayo, maana ukisimamishwa njiani kitu cha kwanza watakachokuomba ni simu.