Bustani ya Dodoma haifi kiangazi

Mvua ikikatika Mei, wengi Dodoma hufagia majani makavu na kuyachoma, wakiamini hakuna kiumbe kitakachoihitaji bustani hadi mvua za Desemba. Si kweli. Nyuki wadogo wasioishi mizingani hutaga ndani ya vijiti vyenye uwazi. Ukichoma, umeteketeza kizazi cha msimu ujao. Acha vijiti vimesimama, na majani yatandaze kwenye mashina kwa unene wa sentimita 5 hivi, yasiguse gome, maana mchwa hupandia hapo. Marundo ya kuni yakae mbali na nyumba, nyoka hupenda kujificha humo.

Mishubiri huchanua katikati ya kiangazi, na ndege aitwaye chozi huifuata kwa nekta. Basi panda michache, hata kwenye kokoto.

Kinachokosekana hasa ni maji. Weka sahani pana ya udongo kivulini, kina kisizidi sentimita 3, na jiwe katikati ili nyuki wasizame. Kumwaga maji tu hakutoshi: mayai ya mbu wa dengi hung'ang'ania ukingoni, yakavumilia ukavu kwa miezi. Sugua kwa brashi kila baada ya siku 2, ndipo ujaze upya.