Kwa nini watoto wangu wa awali wanachambua maharage

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi hapa Mbeya halihusu ada wala sare. Ni hili: "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu halina kitu?" Mtoto wa jirani ana miaka minne tu na anajaza a, e, i, o, u ukurasa mzima. Nawaelewa. Hela wametoa, wanataka kuona kazi.

Kazi ipo, ila ingia darasani uione. Kuna kona ya duka, ambako vifuniko vya soda ndiyo hela, kona ya vitabu, kona ya ujenzi, na meza yenye sinia la maharage mchanganyiko: ya njano, mekundu, yenye mabaka. Mtoto anachagua mwenyewe aanzie wapi. Aliyechagua sinia anaokota punje mojamoja kwa kidole gumba na cha shahada, anaitia kwenye bakuli la rangi yake. Akikosea, mara nyingi anagundua mwenyewe na kuirudisha, mimi nanyamaza. Hapo anajifunza kupanga kwa makundi, anajifunza kipi kingi na kipi kichache, na vidole vinapata nguvu ya kushika penseli. Ukimlazimisha kuandika kabla vidole havijakomaa, anaikamata penseli kwa ngumi, anachoka upesi, na anaanza kuichukia shule hata darasa la kwanza hajalifikia.

Njia hii si ngeni. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto, yaani shule ya watoto wadogo, mjini Roma mwaka 1907, mtaa wa San Lorenzo. Siku hizi jina lake limebandikwa kwenye shule za ada kubwa, kumbe alianza na watoto wa mtaa wa maskini. Aliowapa vifaa vya kushika na nafasi ya kuchagua walizama kwenye kazi kwa utulivu uliomshangaza.

Wengine wanadhani mwalimu wa namna hii anakaa tu. Thubutu! Mimi ndiye ninayeamua sinia liwe na nini wiki hii, na watoto wakiondoka naandika nani alikaa kona ipi na alifanya nini. Anayeng'ang'ania kona ya ujenzi simhamishi. Nampelekea vitabu hukohuko, namuuliza ukuta upi mrefu na umezidi kwa matofali mangapi. Na yule aliyekuja na Kinyakyusa au Kisafwa tu, ambaye mbele ya ubao angeonekana mzito, dukani anapatana bei kwa lugha ya kwao huku akidaka Kiswahili cha wenzake.

Ila kona hizi hazimsaidii mtoto mwenye njaa. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, imeweka ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kuitikia anachohitaji mtoto), na ulinzi na usalama. Kwetu Nyanda za Juu Kusini neno lishe linauma. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto walio chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, wakati wastani wa nchi ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Mahindi tunayo, lakini mayai na maziwa yanaenda sokoni, na mama anashinda shambani. Mtoto aliyekunywa uji mweupe alfajiri, ikifika saa nne hachagui kona yoyote. Anajikunyata ukutani, hasa Juni na Julai baridi ikikaza. Uji wa shule uwe na karanga au maziwa, na parachichi liwepo msimu wake.

Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 25, idadi inayoelekezwa kwa mwalimu mmoja, gawa makundi: nusu kwenye kona, nusu nje na kamba na mipira ya makaratasi, kisha wabadilishane. Mwombe mzazi mmoja akusaidie upande wa nje. Na kama umechanganyiwa walio chini ya miaka mitatu, ondoa maharage kabisa, yataishia puani. Hao wape magunzi.