Riklaina ni nini? Ile jointi inashika mgongo wa kiti cha gari

Juzi jamaa wa Toyota Probox, anabeba watu kati ya Kisumu na Luanda ile ya Vihiga, alinipitishia gari hapa Kibuye, Kisumu, akaniambia, "Fundi, kiti changu kinalala chenyewe, nikianza kupanda kilima naona dari tu." Nikamuuliza imeanza lini, bosi. Akasema kitambo, ni miezi, na kumbe huo muda wote amekuwa akiweka jerikeni ya lita 20 nyuma ya kiti imejaa maji ndio mgongo usirudi. Yaani mtu anaendesha gari na watu ndani, kitu inamshika ni jerikeni. Niliwaza hiyo maneno mpaka jioni, ndio nikaona wacha nieleze hii kitu inaitwa riklaina ni nini hasa, juu watu wengi wanaikalia kila siku na hawajawahi kuiona.

Riklaina ni ile jointi ya chuma iko pale chini mgongo wa kiti unapokutana na mahali pa kukalia. Leva ya kando unayovuta ukitaka kulaza kiti si riklaina, hiyo ni mkono tu wa kuiamsha, riklaina yenyewe imefichwa ndani ya plastiki na kitambaa. Na jina linadanganya kidogo, kwa sababu linakufanya ufikirie ni kitu cha kulaza. Ukihesabu vizuri, kulaza ni sekunde mbili tatu kwa siku, masaa mengine yote kazi yake ni kukataa kusonga. Mimi naiita kufuli. Ni kufuli ambayo mara moja moja inakubali kufunguka.

Ile ya zamani ilikuwa rahisi, hata mtoto wa karakana angeielewa akiiangalia dakika moja: kipande cha chuma kama nusu mwezi kina meno kwa nje, na ulimi mdogo wenye meno machache unaingia hapo. Ukivuta leva ulimi unatoka, mgongo uko huru, ukiachilia springi inarudisha ulimi kwa meno. Bado ziko kwa magari ya zamani na kwa viti vingi vya kuunda hapa mjini. Shida yake iko wazi, kila uchafu unaingia. Nimewahi kutoa kwa meno ya moja makapi ya miwa yameshikana kama simenti, na shilingi moja katikati, dereva alikuwa wa upande wa Chemelil huko kwa mashamba ya miwa na abiria wake wote wanatafuna njiani.

Magari mengi yanatoka Japani siku hizi yana ile ya duara, diski, pana kama kifuniko cha chupa ya majani ya chai hivi, sentimita saba ama hapo karibu. Ya huyo jamaa wa Probox niliitoa nikaifungua kwa meza tukaangalia pamoja, na ningependa kila dereva aone hiyo kitu mara moja maishani. Nje kuna pete, na upande wa ndani wa pete kuna meno madogo sana, karibu milimita moja moja, yamezunguka duara lote. Ndani kuna ndimi tatu ama nne zimekaa kwa njia zake kama droo, kila moja ina meno mgongoni. Katikati kabisa kuna kipande kina vilima na mabonde. Vilima vikiwa nyuma ya ndimi, vinazisukuma nje zinauma ile pete, hapo kiti kimefunga. Ukivuta leva kile kipande cha katikati kinazunguka kidogo tu, vilima vinaondoka, mabonde yanakuja, ndimi zinarudi ndani na pete inakuwa huru. Ukiachilia, springi ndogo zinarudisha kile kipande na ndimi zinauma tena. Basi, ni hiyo tu. Lakini ni akili nyingi imekaa kwa kitu unaweza kufunika na kiganja.

Meno yakiwa kama 180 kwa duara nzima, kila jino ni digrii mbili, na ndio maana kiti cha leva kinasonga kwa hatua, tik tik tik, hakiwezi simama popote unataka.

Sasa tuje kwa nguvu, hapa ndio roho yangu iko. Mgongo wa kiti ni kama wenzo mrefu. Wewe unasukuma juu huko kwa mabega, riklaina iko chini na duara lake ni dogo sana, kwa hivyo kila kitu kinazidishwa. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa inasema mgongo wa kiti lazima uvumilie nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 530, ile ya Marekani namba 207 ni 373. Hizo namba ukiziangalia hivyo hazisemi kitu, kwa hivyo fanya hesabu na mimi: 530 ni kama mtu avute mgongo wa kiti kwa nyuma, nusu mita juu ya jointi, na uzito wa kilo 108. Si mingi, ama? Lakini meno ya riklaina yako sentimita tatu tu kutoka katikati, na pale nguvu hiyo hiyo inakuwa karibu tani moja na pointi nane. Inagawanywa kulia na kushoto kama kiti kina riklaina mbili, kama ni moja basi upande mmoja unabeba yote. Meno ya milimita moja. Ndio maana chuma chake kimechomwa na kupozwa kiwandani mpaka kikawa kigumu kuliko hiyo fremu yote.

Na hiyo nguvu inakuja lini? Ukigongwa na gari kutoka nyuma. Umesimama pale Kondele kwa jam, lori inakukuta. Gari lako linarushwa mbele lakini mwili wako unataka kubaki ulipo, kwa hivyo kiti ndio kinakuja kukuchukua, na mwili wote unalalia mgongo wa kiti kwa ghafla. Riklaina ikishika, unaenda mbele pamoja na gari. Ikiachilia, mgongo unaanguka chali, wewe unateleza kuelekea siti ya nyuma na kichwa mbele, na mkanda hausaidii sana hapo kwa sababu umeundwa ukushike ukienda mbele, sio ukienda nyuma. Kama kuna mtoto amekaa nyuma yako, umemwangukia.

Kucheza kwa kiti nako kunatoka kwa hesabu ile ile. Meno yakiisha nusu milimita tu, huko juu kwa kichwa, sentimita 60 kutoka jointi, unasikia kiti kinapiga mbele na nyuma kama sentimita moja kila ukifunga breki. Watu wananiambia "fundi kaza bolti tu". Saa ingine ni bolti kweli, naangaliaga hiyo kwanza, lakini bolti zikiwa sawa na kiti bado kinapiga ngwe-ngwe, ni meno ama ni njia za zile ndimi zimepanuka, na hiyo haikazwi.

Kuna aina ya pili haina leva, iko na kinobu ya kuzungusha, utaikuta kwa Volkswagen nyingi na magari mengi ya Ulaya. Hii haina ulimi wa kutoka na kuingia, meno yameshikana wakati wote. Ili uielewe chukua kifuniko cha sufuria kidogo kidogo kuliko sufuria yenyewe, ukiweke ndani kimelala, halafu ukiviringishe kikigusa ukuta wa sufuria mpaka kizunguke kote. Ukirudi ulipoanza utaona kifuniko chenyewe kimegeuka kidogo tu. Sasa wekea sufuria meno 34 kwa ndani na kifuniko meno 33 kwa nje, mzunguko mmoja mzima wa kinobu unageuza kiti jino moja, karibu digrii 11. Ndio maana unazungusha mpaka mkono unachoka lakini unapata pale pale unataka, hakuna hatua. Na uzuri mwingine, wewe ukisukuma mgongo wa kiti haiwezi kuzungusha kinobu kurudi nyuma, msuguano unaizuia. Ndani wanaweka vipande viwili kama kabari na springi katikati inazitanua, zinakula ile nafasi ndogo imebaki, ndio kiti kisicheze. Viti vya stima vya kubonyeza mara nyingi ni hii hii, ni mota tu imechukua kazi ya mkono wako.

Kwa mabasi ya usiku yale ya Kisumu kwenda Nairobi mambo ni tofauti kidogo. Ukibonyeza kitufe kwa mahali pa kuweka mkono, kebo inavuta pini ya silinda moja iko chini ya kiti, ndani kuna mafuta na gesi, pini inafungua njia mafuta yapite, mgongo unashuka. Ukiachilia njia inafungwa na mafuta hayana pa kwenda, kiti kinasimama. Sili ikianza kuvuja utaona unyevu wa mafuta kwa ile fimbo, na kiti kinashuka polepole mpaka ukifika Mau Summit uko kwa magoti ya mama aliye nyuma yako, naye hajui hujataka, anafikiria huna adabu.

Turudi kwa Probox. Kilichokuwa kimeharibika si meno. Mtu alikuwa amewahi kuifanyia welding. Upande wa kulia ulilegea kitambo, akapeleka mahali, wakachomea fremu pale karibu na diski, moto ukaingia kwa diski, ule ugumu wa kiwandani ukaisha na njia za ndimi zikapinda. Ulimi mmoja ulikuwa umekwama ndani kabisa, mwingine unauma nusu. Ukiuma nusu ni mbaya kuliko kutouma, kwa sababu ukikaa unasikia kiti kimeshika, unaamini, kumbe ncha ya jino imekalia ncha ya jino lingine. Hata riklaina nzima kabisa inaweza kufanya hivyo ukiachilia leva vibaya, kwa hivyo ukimaliza kulaza ama kuinua kiti jisukume nyuma kidogo na utingishe mgongo mpaka usikie tik ya mwisho na leva irudi chini yote.

Ile springi kubwa iliyojikunja kama koili ya mbu, ya kuinua mgongo, muiheshimu. Mimi ilinikata kidole gumba nikiwa bado najifunza, niliitoa bila kuifunga na waya kwanza na ilifunguka yote mara moja. Na usivute leva mtoto akiwa ameinamia kiti kitupu, mgongo unakuja mbele kwa nguvu.

Swali ambalo naulizwa sana ni kama kulala na kiti chini gari likienda ni sawa. Si sawa, na sitazunguka. Mkanda umepimwa ukiwa umekaa wima, mgongo umeinama kidogo tu, digrii 20 hadi 25 hivi. Ukilala, ile ya kifuani inabaki hewani mbali na wewe, na ile ya kiunoni gari likigonga mbele inapanda kwa tumbo laini wewe ukiteleza chini yake. Dereva akitaka kulala asimame kando, mahali salama, alaze mpaka mwisho, hapo riklaina ni starehe kabisa na hakuna mtu atamlaumu.

Kununua ya kuweka, mimi huchukua ile ya mtumba ya kiti hicho hicho, pande mbili pamoja na paipu inayoziunganisha, zimetoka kwa kiti kimoja. Kulia na kushoto hazibadilishani. Naangalia kama kuna alama ya welding ambayo si ya kiwanda, naangalia rangi, chuma kikiwa cha bluu bluu kimeshachomwa, naacha. Na wakati wa kufunga, hapa vijana wengi wanakosea, hizo diski mbili lazima ziume jino moja kwa wakati mmoja. Moja ikiwa mbele kwa jino moja tu, ni digrii mbili, na huko juu mgongo wa kiti umepinda sentimita mbili upande mmoja. Ukikaa hutaona sana, utasikia tu mgongo unauma ukifika Ahero. Lakini mzigo wote uko kwa diski moja. Ya huyo jamaa niliifunga mara tatu ndio ikakaa, kila mara nachukua kamba na kupima kutoka kona ya juu ya mgongo mpaka bolti ya chini ya upande wa pili, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia, mpaka vipimo vikalingana. Halafu akakaa, akajisukuma nyuma kwa nguvu zake zote, akanyamaza kidogo, akatoa jerikeni kwa gari akamwaga maji pale nje ya kibanda.