Kwa nini mwanajudo hufundishwa kuanguka kabla ya kuangusha?

Ukienda kwenye mazoezi ya judo mara ya kwanza ukiwa na hamu ya kumbwaga mtu chini, huenda ukarudi nyumbani hujambwaga hata mmoja. Utalazwa chali mkekani, uambiwe ubane kidevu kifuani, kisha upige mkeka kwa mikono yote miwili. Pa! Tena. Pa! Halafu utachuchumaa na kujiachia kinyumenyume, uanguke ubavu wa kulia, wa kushoto, kisha ubingirike mbele. Mbinu hizi za kuanguka salama Wajapani huziita ukemi. Inachosha, na wapo wanaoacha hapo hapo.

Mtu akiteleza, mkono hutangulia wenyewe kuikinga ardhi. Hapo ndipo kifundo cha mkono huvunjika, kiwiko huteguka au mtulinga hupasuka, kwa sababu uzito wa mwili mzima umepitia kiganja kimoja. Ukemi huuzoesha mwili kufanya kinyume. Mkono hushuka bapa, kiganja na kigasha kwa pamoja, ukiwa umeachana kidogo tu na mbavu, ili kishindo kisambae. Ukiuinua hadi usawa wa bega, bega ndilo litakalolipa. Kidevu nacho hubanwa ili kisogo kisiguse chini, na hapo hapana mzaha: huko Japani, tangu 1983, wanafunzi zaidi ya 100 wamekufa katika judo ya shuleni, wengi wao kwa kuumia kichwa.

Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, akiwa na wanafunzi tisa na mikeka 12. Alitoka kwenye jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kupigana, akaziondoa kwenye mazoezi huru zile mbinu za kudhuru, ili watu waweze kutupana kwa nguvu leo na kesho warudi tena. Mchezo wa namna hiyo hauwezekani kama watu hawajui kuanguka.

Lakini kuna somo jingine, na hili hutalisikia likihubiriwa. Mtazame anayetupa. Mwenzake akiwa hewani, mkono wake mmoja bado umeng'ang'ania mkono wa koti la huyo anayeanguka, na dakika ya mwisho unamvuta juu kidogo. Mvuto huo mdogo ndio unaomgeuza atue kwa ubavu badala ya kichwa. Kwa hiyo unayempiga mwereka ndiye huyo huyo unayemlinda, tena kwa tendo lile lile. Mwaka 1922 Kano aliuita msingi huu jita kyoei, yaani kunufaika pamoja, ila mwanafunzi huwa ameshaujua kupitia vidole vyake kabla hajalisikia jina.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, wanaoanza wakiwa na misuli mikubwa ndio hupata taabu zaidi. Hawataki kuanguka, basi wanakakamaa, na aliyekakamaa huanguka kama gogo. Wakikabwa shingo, wanachelewa kupiga mkeka mara mbili kuashiria wameshindwa. Kijana mwembamba aliyeanguka mara 1,000 hana cha kulinda, anatupwa, pa!, ameshasimama, anarekebisha mkanda, anashika tena koti.

Na ukitaka kujua nani ni mzoefu, sahau rangi ya mkanda. Angalia nani wanaoanza wanamkimbilia ili awatupe.