Rozimari ya matone si rozimari ya kuloweka

"Ni mmea tu, hauna madhara." Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Buhongwa, ndiyo hoja ileile kuhusu rozimari, na mashavu yameshaungua kwa matone yaliyopakwa bila kuchanganywa. Jamani, kile kichupa cha matone ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye rundo zima la majani. Yamejaa sineoli na kafuri, viambato vyenye harufu kali, kwa ukali ambao jani halina. Mafuta ya kuloweka majani ni kitu kingine, maji ya kuchemshia majani ni kitu cha tatu, na kipimo cha kimoja hakifai kwa kingine.

Kwa uso, weka matone 6 ya kichupa kwenye mililita 30 za mafuta ya alizeti, yaani kama asilimia 1. Ngozi ya kichwa huvumilia 12. Hesabu ya matone yenyewe siiamini sana, maana kila chupa ina tone lake. Bomba la sindano la mililita 1, bila sindano, ni bora: mililita 0.3 badala ya matone 6. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri saa 48. Mjamzito na mwenye kifafa waache.

Ya kuloweka: gramu 20 za majani kwa gramu 100 za mafuta, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyotokota, saa 2 hadi 3, kisha chuja. Majani yawe makavu ya kuvunjika. Mabichi huingiza maji kwenye mafuta, na kwa joto letu la kando ya ziwa ukungu hauchelewi. Yakinuka karanga za zamani, mwaga.

Maji ya kuchemshia majani hukaa friji siku 3, basi.

Kuhusu nywele, utafiti wa Iran wa 2015 ulilinganisha mafuta ya rozimari na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2. Nywele ziliongezeka, lakini baada ya miezi 6, na hapakuwa na kundi la kulinganishia lililopewa kitu kisicho na dawa. Kwa hiyo naupokea kwa tahadhari. Tena ulihusu upara wa kurithi. Nywele zilizong'oka pembeni kwa misuko ya kubana zinataka msuko ulegezwe.

Mapunye je? Kuvu wake wamo ndani ya unywele, mafuta hayawafikii. Mtoto apelekwe zahanati apewe vidonge, na matone yasisogezwe karibu na pua yake: kafuri na sineoli vinaweza kumbana pumzi.