Uandishi wa kiufundi ni nini?

Uandishi wa kiufundi ni kazi ya kueleza jinsi kitu kinavyotumiwa, kinavyofungwa au kinavyorekebishwa, ili mtu ambaye hakukitengeneza aweze kukitumia bila kumwita fundi. Anayeifanya huitwa mwandishi wa kiufundi, ingawa maneno si zana yake pekee, kwa kuwa michoro, picha na yale maandishi mafupi yanayojitokeza kwenye skrini ya simu nayo ni sehemu ya kazi hiyo.

Haja yake huonekana wazi hapa Lamu. Kule Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, kijana hujifunza kuunda chombo kwa kukaa na fundi, akashika tezo na keekee, akatazama pamba inavyopigwa kalafati baina ya mbao. Hakuna kijitabu, wala hakihitajiki, maana mwenye ujuzi na mwenye kuutaka wamekaa kivuli kimoja. Mashine ya boti ni jambo jingine. Imeundwa Japani na watu ambao nahodha wa Mokowe hatawaona maishani, na aliyeandika kijitabu kilichokuja nayo ndiye aliyekalia nafasi ya fundi. Kompyuta nazo zilihitaji mtu wa namna hiyo tangu mwanzo: mwaka 1949, Joseph Chapline wa Marekani aliandika mwongozo wa kompyuta iliyoitwa BINAC, na mara nyingi hutajwa kuwa wa kwanza wa aina yake.

Kuandika kwa uwazi si kuandika kitoto. Tuchukue mashine ya mipigo miwili inayotaka oili ichanganywe na petroli kwa uwiano wa moja kwa hamsini. Mwandishi mmoja ataandika: “Uwiano stahiki wa kilainishi na nishati uzingatiwe kwa mujibu wa 1:50.” Mwingine ataandika: “Kwa kila lita 20 za petroli, tia mililita 400 za oili.” Sentensi ya kwanza haina kosa la hesabu, lakini inamwachia hesabu hiyo mtu aliyesimama gatini na dumu mkononi huku abiria wakimwita. Ya pili imeshamfanyia.

Mpangilio una uzito uleule. Maagizo yakisema, “Mimina petroli kwenye tangi, baada ya kuhakikisha kuwa mashine imezimwa,” msomaji anayetenda huku akisoma atakuwa ameshamimina kabla ya kufika kwenye onyo. Onyo hutangulia tendo, na kila tendo hupewa sentensi yake.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa saa. Mswahili huanza kuhesabu mchana tangu jua kuchomoza, kwa hiyo 8:00 ya asubuhi kwake ni saa mbili, na saa nane ni baada ya adhuhuri. Ukimwandikia “saa 8” bila kueleza zaidi, huna hakika atakuja lini. Kwa ratiba ya boti, anayekosea atakosa safari tu. Kwa dawa, madhara yake ni makubwa zaidi. Hata alama ya “1×3” kwenye bahasha ya vidonge inaweza kumfanya mtu ameze vitatu kwa mara moja, ilhali “kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku” haina njia mbili. (Hapo mwenyeji wa Lamu angesema “ndia mbili”, na mwongozo uliokusudiwa wazee wa Kiamu pekee ungeweza kusema hivyo bila aibu.)

Kujifunza bila kukoma, ambako husemwa kuwa sharti la kazi hii, mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kukusanya vyeti. Vyeti havina ubaya, lakini elimu inayohitajika zaidi hupatikana kwa kukaa kando ya msomaji, ukamwacha atende kwa kufuata ulichoandika bila kumsaidia, na ukatia alama kila anapositasita. Mwandishi aliyekulia bara anaweza kuandika kuwa chombo kitiwe nanga karibu na ufuo, akaona ametoa ushauri mzuri. Mvuvi atamwuliza: wakati wa bamvua je? Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa mbali sana, na boti iliyoachwa ikielea asubuhi huweza kukutwa imelala mchangani. Swali hilo moja hubadilisha aya nzima.

Pia vitu vyenyewe hubadilika. Ile sentensi ya lita 20 na mililita 400, niliyoisifu hapo juu, ni sahihi kwa mashine yake tu. Mashine ya mipigo minne haichanganyiwi oili kwenye petroli, kwani oili yake ina mahali pake ndani ya injini, na mwenye mashine hiyo akifuata sentensi yetu anaweza kuiharibu. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa mwongozo hutaja aina na namba ya mashine pamoja na tarehe ya kuandikwa, ili nahodha alinganishe namba hiyo na ile iliyo kwenye mashine yake kabla hajafungua dumu.